Ng'ombe Wangu Wawili na Kitonge cha Geita

Nilikwenda Geita kwa sababu nilichoka kuchunga. Redioni walisema bei ya dhahabu inapanda, nami nikaona dhahabu haiugui, haipelekwi josho, wala haiingii shamba la jirani. Mke wangu, Mama Kulwa, alinikumbusha kwamba ng'ombe wawili tuliobaki nao ndio wa kukokota plau, na mvua zilikuwa karibu. Nilimjibu kuwa kabla ya mvua dhahabu itatuletea wanne. Nilisoma hadi kidato cha nne. Sijui ni somo gani lilinifundisha hesabu hiyo.

Siku ya mnada, hapa Samuye, niliwalambisha ng'ombe hao magadi alfajiri, wakanywa maji mpaka mbavu zikapotea. Kwenye mizani walikuwa wazito ajabu. Aliyewanunua ni jirani yangu Masanja. Nilimpa mkono huku nacheka moyoni.

Kesho yake nilipanda basi la Kahama, nikabadilisha hapo la kwenda Geita. Pesa nilizishonea ndani ya kaptura, chini ya suruali, kwa hiyo nilikalia upande mmoja njia nzima. Abiria mwenzangu aliniuliza kama nina jipu. Nikakubali kwamba ninalo.

Jioni, mjini Geita, nilipokelewa na shemeji yangu Shija, fundi wa kuchomelea vyuma. Alinipa ugali na sato, akanionya nisinunue nje ya soko la madini. Ni kosa kisheria, na huko nje hakuna wa kunipimia. Nilimwambia nimekuwa mtu wa minada tangu yeye hajaota ndevu.

Asubuhi, alipokwenda kazini, nilichukua bodaboda hadi mwaloni, mahali wachimbaji wanapooshea mawe yaliyosagwa. Mwanamume mmoja alinisalimu "Mwangaluka, baba," kwa Kisukuma cha kwetu kabisa, na hapo nilikuwa nimeshalainika. Alikusanya dhahabu kwa zebaki, akakamua kitonge ndani ya kitambaa, akakipitisha motoni kidogo mpaka kikawa cha njano. Nilikipima kwa kiganja. Kilikuwa kizito. Nililipa bila hata kuomba nipunguziwe bei.

Saa sita nilikuwa soko la madini, nipate bei ya kumtambia Shija. Mama mmoja mnunuzi aliniuliza nimekitoa wapi, nikajikanyaga, nikasema mimi ni mfugaji tu. Akakirudisha motoni kwenye chumba chao cha kuchomea. Kilipotoka kilikuwa kimesinyaa, kina vishimo kama mkate uliochacha.

"Mzee, kilikuwa kimejaa zebaki," alisema. "Wanachoma juujuu ili kibaki kizito. Wewe si mfugaji? Huwajui wanaolambisha ng'ombe magadi siku ya mnada?"

"Nawasikia tu," nikasema.

Alikinunua kwa makaratasi na kodi yake, akaniambia siku nyingine nitajieleza polisi. Shija hakunisema. Aliniongezea samaki, na hiyo iliniuma zaidi.

Niliporudi Samuye, fedha zilitosha ng'ombe mmoja, nikamnunua. Mama Kulwa alileta nira, akaiweka begani mwa yule ng'ombe mgeni, kisha akanitazama mimi na ule upande uliobaki wazi.

"Huku utaingia wewe, Baba Kulwa?"

Mawingu yalikuwa yameshafunga. Nilikwenda kwa Masanja kuazima ng'ombe wangu mwenyewe. Njiani nilijaribu kupanga nitasema nini. Nilichojifunza Geita ni kidogo: yule wa mwaloni na mimi tunafanya kazi moja, ila yeye alitumia moto na mimi maji. Nilimweleza Masanja habari ya magadi, yote, nikiwa nimesimama mlangoni na kofia mkononi.

Aliendelea kukaza kamba ya plau.

"Najua," alisema. "Walikojoa njia nzima mpaka hapa. Mchukue yule mwekundu. Ukimaliza kwako, uje unilimie kwangu."

Nililima kwake siku tatu.