Matuta ya Josho

Mzee Antipasi alikuwa fundi wa majosho ya kuogeshea ng'ombe. Miaka thelathini aliyajenga Iramba yote, na hakuna ng'ombe aliyewahi kumlalamikia.

Mwaka jana alimzika mkewe, Felista. Miguu ilikuwa imempooza. Zahanati ya zamani ilikuwa na ngazi tano, na kila siku ya dawa Antipasi alimpandisha mgongoni, watu wa kwenye benchi wakitazama. Siku moja Felista akasema, "Baba Peniel, siendi tena. Mimi si gunia." Hakwenda. Miezi minne baadaye akafa.

Kijiji kilipojenga zahanati mpya, mzee aliomba kazi moja tu: mteremko wa kupandishia viti vya magurudumu. Bure. Mwenyekiti akampa karatasi ya vipimo. Aliikunja akaitia mfukoni. Kusoma hajui, kuuliza aliona haya. Akajenga kama anavyojua, na matuta juu yake.

Ufunguzi ulipangwa Jumatano ya wiki iliyofuata. Alhamisi, siku sita kabla, akaja Stumai, fundi cherehani asiyetembea, kuujaribu kwa kiti chake. Mzee tangu alfajiri alikuwa akifagia pale palipokwisha kufagiwa. Roho mkononi.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Polepole, mama."

Stumai akasukuma. Tuta la kwanza alilivuka kwa shida. La pili, kiti kikainuka mbele, kikaanza kurudi kinyumenyume. Mzee alikidaka kwa kifua.

Akakishusha hadi chini.

"Babu, haya matuta ni ya nini?"

"Kama ya josho. Kwato zisiteleze."

"Sasa mimi kwato zangu ziko wapi?"

Mzee alimsaidia kuhamia kwenye benchi, akakaa yeye kwenye kiti. Akasukuma. Tuta la kwanza likamshinda. Akasukuma tena. Wapaka rangi wawili wakaacha brashi, wakamtazama. Mmoja akasogea.

"Mzee, nikubebe?"

"Hapana."

Lilimtoka upesi, na kwa ukali. Akaijua sauti ile. Haikuwa yake, ilikuwa ya Felista.

Akatoa karatasi mfukoni, imechakaa kwa jasho. "Nisomee, mjukuu wangu."

Stumai akaikunjua. Akasoma. "Kupanda kimoja, kwenda mbele kumi na viwili. Juu pasawazishwe, pakwaruzwe kidogo. Matuta hawakuyataja, babu."

"Kimoja nini?"

"Chochote. Hata shibiri."

Mzee akapima kimo cha baraza kwa kiganja. Shibiri mbili. Akapima mteremko wake. Nane. Ilitakiwa ishirini na nne.

Mchana huohuo alishika nyundo akauvunja. Ijumaa akamwaga zege jipya, akalisawazisha kwa ubao, akapitisha ufagio juu yake mara moja. Kisha ikawa kazi ya kumwagia maji asubuhi, mchana na jioni, na kuinama kutafuta ufa. Mbuzi akikaribia, anamfukuza. Mtu akikaribia, anamfukuza pia.

Jumanne Stumai akarudi. Mzee akasimama nyuma yake, mikono mbele, bila kugusa.

"Babu, usinipumulie."

Akasukuma. Magurudumu yakaenda. Akapumzika katikati, kiti kikatulia. Akasukuma tena, akafika barazani, akapita mlangoni, akapotea ndani.

"Babu! Humu kuna ubaridi mzuri. Njoo uone."

Mzee alikuwa bado chini ya mteremko, mikono ameinyoosha mbele, kama mtu anayengoja kudaka.