Chupa ya Mjerumani Yafika Magwagwa

Nikieleza safari hii mtanicheka, na mna haki, kwa sababu mjinga wa hapa ni mimi. Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilitaka kumuoa Moraa wa Magwagwa, na baba yake alisema lazima anione kwanza, ndio tuongee habari ya ng'ombe.

Gesima, asubuhi. Nilikuwa kibarua wa fundi Mjerumani aliyekuwa anafunga mashine kwa kiwanda cha chai. Akanipa zawadi ya kupeleka: divai ya kwao, inaitwa Rizilingi. Alisema kwao ni bonde dogo, lina baridi kuliko Gesima, na zabibu zinapandwa kwa mteremko mkali mpaka mvunaji anaogopa kuteleza. Hiyo chupa baba yake aliiweka miaka kumi na tano. Nilimhurumia. Kwetu ukimpa mgeni pombe iliyolala siku nyingi ni matusi. Ya miaka kumi na tano si ni kesi? Lakini nikaingia stoo, nikaitoa mwenyewe. Ilikuwa chupa ya kijani, imesimama karibu na ile ya mafuta ya taa.

Keroka, saa nne. Baba mdogo, msemaji wangu, alikuwa ananingoja. Tukapanda lori la ndizi mpaka Nyamira, chupa nimeipakata kama mtoto. Kutoka hapo tukatembea.

Magwagwa, saa tisa. Tulipokewa vizuri, tukala. Baba Moraa akasukuma kizibo ndani kwa kijiti. Harufu ikatoka: mafuta ya taa, kabisa. Nikajua nimebeba ile chupa ya mafuta ya taa. Na kwetu mwenye kuleta kinywaji ndiye anaonja kwanza, watu wajue hakuna sumu. Akajaza gilasi, akanisukumia. Nikasema tumbo linauma. Baba mdogo akanifinya paja.

"Kijana," Baba Moraa akasema polepole, "kitu wewe unaogopa kunywa ndicho umeniletea? Sasa msichana wangu utamlisha nini?"

Baba mdogo alikuwa tayari ameshika kofia yake. Nyanya ya Moraa akachukua gilasi, akaenda nayo mlangoni kwa mwanga.

"Mafuta ya taa hayana rangi ya asali," akasema. "Huyu mume wangu ni mwoga tu." Mume ni mimi; kwetu nyanya humtania hivyo mchumba wa mjukuu wake.

Akanywa. Akafunga macho, akanywa tena, akatuambia inaanza kama ndimu, inaisha kama asali. Chupa ikazunguka wazee. Iliponifikia ilikuwa tupu, lakini ng'ombe walikuwa wameshatajwa.

Gesima, siku iliyofuata. Nilimweleza fundi yote, pamoja na nilichojifunza: nisiseme kitu ni kibaya kabla sijakionja. Akacheka mpaka akaweka spana chini. Kumbe divai hiyo ikizeeka vizuri hunuka hivyo, kama mafuta ya taa.

"Hata mimi nikiwa kijana nilimwambia baba imeharibika," akasema. "Akainywa yote peke yake. Wewe angalau umepata bibi."