Magoli Matatu Mbele ya Afande

Nyumba yetu katika kambi ya polisi ilikuwa ya bati la duara, na kila Jumapili jioni ilijaa harufu ya dawa ya kuchua misuli. Harufu yenyewe ilikuwa kali kiasi kwamba maharage ya mama yalikuwa na ladha ya goti la baba. Baba alikuwa kopolo, mtu mrefu na mpole aliyetoka Gulu, na ndiye aliyekuwa kipa wa timu ya kambi. Siku za kazi alilinda mageti ya watu wengine. Jumapili alilinda goli, na asubuhi yake tulimsikia akiimba huku anapiga mswaki, jambo ambalo hakuna geti la Kampala lililowahi kumfanya alifanye. Glavu zilikuwa mali ya timu, lakini zililala kwetu, juu ya redio, na hata mama hakuruhusiwa kuzifuta vumbi.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja na sikupenda kukimbia. Sipendi hadi leo. Watoto wenzangu walikimbizana na mpira pembeni mwa uwanja, wakirudi nyumbani na magoti yaliyochubuka na habari nusunusu. Mimi nilitandika kipande cha mkeka nyuma ya goli la baba, nikamenya karanga zangu na kutazama. Watu waliniita mvivu, na walikuwa sahihi, ila uvivu ulinipa kiti kizuri kuliko cha refa.

Katika msimu ule wa mvua tulicheza na vijana wa Kyebando kwenye uwanja wa shule, mechi iliyozungumzwa kambini wiki tatu nzima kabla haijachezwa. Tukafungwa tatu bila. Kesho yake asubuhi mama aliponituma maji, foleni ya bombani ilikuwa imeshatoa hukumu. "Akello, mwambie baba yako mpira hauumi," akasema jirani mmoja, na mwingine akadakia, "Mwache jamani, yule anajua kudaka bakuli la posho tu!" Wakacheka mpaka ndoo zikamwagika. Nilirudi nyumbani na nusu ndoo. Jumatano zikatufikia habari kwamba Inspekta mwenyewe, mkubwa wa kambi, angekuja jioni kuzichukua glavu, azikabidhi kwa konstebo mmoja kijana. Baba hakubisha. Alizifua kwa sabuni ya kipande, kidole kimoja baada ya kingine, kama mtu anayemwogesha mtoto wa kuazima, kisha akazianika juani. "Timu ni ya wakubwa," alisema tu.

Sasa hapo ndipo penye uchambuzi wangu, na naomba uheshimiwe, kwa sababu mpaka leo sijafanya mwingine ulio bora. Inspekta alikuwa kocha wetu, nahodha wetu na beki wetu wa kati, na hayo yote matatu alijipa mwenyewe. Vijana wa Kyebando waligundua mapema kwamba mzee ni mzito, wakawa wanapiga mipira mirefu ya juu kuelekea kwake. Hilo lingezuilika, maana baba alikuwa anatoka vizuri na mabeki wengine walikuwa na miguu. Tatizo ni kwamba kila mpira ulipopaa, Inspekta alipaza sauti, "Acha!" Na kambini, afande akisema acha, unaacha. Konstebo wa kulia aliacha, wa kushoto aliacha, na baba, mikono ikiwa tayari hewani, naye aliacha. Wakasimama kama wako gwaride, mpira ukadunda katikati yao, kijana mmoja mwembamba wa Kyebando, ambaye hakuwahi kuapishwa na mtu yeyote, akausukuma wavuni.

Jumatano hiyo jioni nilikuwa nimepanga yote haya sakafuni kwa vifuniko vya soda, nikitafuta pa kumwokoa baba, Inspekta alipoinama kuingia mlangoni. Nusura avikanyage.

"Hii takataka ni nini?"

"Ni mechi ya Jumapili, afande," nikasema.

Akachuchumaa, magoti yakimlia. "Haya, nionyeshe goli ya kwanza. Huyu mwekundu ni nani?"

"Ni wewe, afande."

Mama alianza kukohoa jikoni. Baba akalitazama paa kama linavuja. Lakini nilikuwa nimeshaanza, nikaeleza: mpira ulikuja hivi, kipa alikuwa ameshatoka hivi, ukasema acha, wote wakaacha.

"Na mimi je?"

"Na wewe uliacha, afande. Ulikuwa umechoka."

"Goli ya pili?"

"Ni hiyohiyo."

"Ya tatu?"

"Ya tatu ulikuwa unafunga kamba ya kiatu."

Inspekta akakizungusha kile kifuniko kwa kidole. Kisha akamgeukia baba. "Kopolo, mtoto anasema kweli?"

Sikuwahi kumsikia baba akimjibu mkubwa neno lolote zaidi ya ndiyo afande. "Huyu anakaa nyuma ya goli, afande," akasema taratibu. "Anaona vizuri."

"Sasa kwa nini hukupiga kelele? Kazi ya kipa si kelele?"

"Kwako, afande?"

Inspekta alicheka kicheko kilichotikisa bati. Akanywa chai yetu vikombe viwili, akaenda zake, na glavu zikabaki kwenye kamba zilikoanikwa. Jumapili iliyofuata mpira wa kwanza ulipopaa, baba alipasua koo: "Toka!" Mpira ulipokuwa salama kifuani, akaongeza kwa sauti ndogo, "afande." Inspekta alikuwa ameshatoka, tena mbio, kama kuruta. Tulifungwa tena, moja bila, lakini bombani hakuna aliyemtaja kipa.

Siku hizi baba amestaafu na anaishi hukohuko Kyebando, kati ya watu waliomfunga. Mimi niko Ntinda, nafanya kazi katika ofisi ya shule, na mechi zote naangalia nikiwa kwenye kochi, blanketi magotini. Mwezi uliopita mwalimu mkuu alipanga madarasa mawili yafanye mtihani chumba kimoja, kwa wakati mmoja. Niliona. Nikasema, "Sawa, madamu," nikaenda kuchemsha chai, na siku ya mtihani watoto wakakaa watatu watatu kwenye kila dawati. Nilipomsimulia baba, alicheka kwa muda mrefu, akijichua goti. Kisha akasema jambo ambalo hajawahi kulisema miaka yote hii.

"Siku ile uliniokoa, Akello. Sikukushukuru kwa sababu niliogopa utazoea kuwajibu wakubwa."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Sikuzoea.