Mashati Thelathini na Manane ya Mzee Mikono

Mzee Mikono alishona mikono ya mashati. Jina lilitoka hapo. Miaka ishirini na sita kwenye cherehani moja, safu ya tatu, karibu na dirisha lisilofunguka. Wengine walikata, wengine walishona kola, wengine vifungo. Shati lilimfikia likiwa kiwiliwili kitupu. Likimtoka lina mikono miwili, na chini ya kwapa kipande kidogo cha kitambaa chenye namba 41. Namba hiyo ndiyo ilikuwa yeye. Shati likiharibika, pale kiwandani hawakuuliza jina. Walisoma namba.

Mkewe alipokuwa hai, dini aliiacha kwa mkewe. Yeye alifunga mwezi wake, akaenda msikitini Ijumaa, basi. Swala tano zilikuwa za mama watoto. "Niombee na mimi," alikuwa akimwambia, "mikono imejaa." Mkewe alicheka tu. Aliombewa hivyo miaka thelathini na minne.

Kisha mkewe akaugua. Siku za mwisho sauti ilikuwa imebaki nyembamba kama uzi. Akasema, "Baba watoto, mimi naishia hapa. Sasa usali mwenyewe. Usiache hata moja." Akajibu, "Sawa." Siku ya tatu wakamzika.

Swala nne hazikuwa na taabu. Ya alfajiri aliisali nyumbani, ya adhuhuri wakati wa chakula, mbili za mwisho baada ya kazi. Ile ya alasiri ndiyo iliangukia katikati ya kazi, cherehani zote zikinguruma.

Ruhusa hakuomba. Ijumaa mchana ofisi ilitoa saa moja, na msimamizi alishasema kwamba hiyo moja inatosha. Tena aliona haya. Alijua wataulizana. Mzee huyu tunaye miaka yote, swala ya alasiri kaianza lini? Angewajibu nini? Kwamba mwenye kumsalia kafa?

Aliyemwokoa ni Mama Pacha, mshona kola, jirani yake upande wa kulia. Mama Pacha alikuwa Msabato. Ijumaa jua halikupaswa kuzama akiwa kazini, maana Sabato yake huanzia hapo, na kengele ya kutoka ililia saa kumi na mbili na nusu.

"Baba," alimwambia siku moja, macho yakiwa kwenye sindano, "nakuona unavyohangaika ikifika saa kumi. Nenda. Nitakaa kwenye cherehani yako."

"Na wewe?"

"Mimi Ijumaa saa kumi na moja nitapita mlango wa nyuma. Fungu langu utalimalizia."

"Kwa namba yako?"

"Kwa namba yangu. Na mimi yako kwa yako. Au unataka tuandikiane mkataba?"

Wakacheka. Ikawa hivyo. Kila siku saa kumi alipotelea nyuma ya marobota ya vitambaa, dakika kumi. Alijua sura tatu fupi. Mara nyingine alipoteza hesabu ya rakaa, kwa kuwa mawazo yalikwenda makaburini. Alirudia.

"Mzee, tumbo lako lina saa sahihi kuliko ya ukutani," mpiga pasi alimtania. "Unakula nini?"

"Maharage," alisema. Safu nzima ikacheka. Afadhali waseme tumbo.

Miezi minane ilipita. Ndipo ikaja oda ya mashati ya wauguzi. Kitambaa chake kilifanana nje na ndani, huwezi kutofautisha kwa macho. Mshona kola hulaza kitambaa upande wa ndani ukiwa juu. Mshona mikono hulaza wa nje ukiwa juu. Mama Pacha alikaa kwenye cherehani ya mzee akalaza kama alivyozoea. Kwenye kitambaa cha zamani macho yangemwonya. Kwenye hiki hayakumwonya. Mkono wa kushoto ukaenda kulia, wa kulia ukaenda kushoto, mashati matatu manne kila alasiri, wiki mbili.

Mashati yakarudi. Muuguzi akiinua mkono, kwapa linamkaba na mgongo unapanda. Thelathini na manane. Yote namba 41.

Msimamizi aliyamwaga mezani mbele ya safu ya tatu. Alikuwa kijana, walimwita Bwana Saa akiwa hayupo.

"Mzee Mikono. Hii ni kazi ya miaka ishirini na sita?"

Mzee alichukua moja, akaligeuza kwapa. Alijua palepale. Mshono wake yeye ulianzia chini. Huu ulianzia begani, kama mtu anayeanza kola. Hakumtazama jirani yake. Cherehani ya kulia ilikuwa imenyamaza.

Akisema si yake, itaulizwa ni ya nani. Akimtaja, Mama Pacha atafukuzwa na wale pacha wake atawapeleka wapi. Akikubali ni yake, atapelekwa kufunga maboksi, chini ya jicho la msimamizi toka asubuhi mpaka kengele. Huko hakuna nyuma ya marobota. Ahadi yake kwa marehemu itafia kwenye maboksi.

"Ni yangu," alisema.

"Yako?"

"Namba unaiona. Macho yamechoka, mwanangu."

Bwana Saa hakuwa mjinga. Alivuta kiwiliwili kimoja na jozi ya mikono, akaviweka kwenye cherehani 41. "Haya, nionyeshe ulivyokosea. Nataka nijue tusirudie."

Mzee akakaa. Alikusudia kukosea. Alilaza kitambaa kinyume, akakanyaga. Lakini vidole vilikuwa vimeshakigeuza kabla ya sindano kushuka. Akakifumua. Akajaribu tena. Kikaja sawa tena, mshono kuanzia chini, umenyooka. Safu nzima ilitazama mzee akishindwa kuharibu shati.

"Nani alikaa hapa?" msimamizi akauliza, taratibu.

"Saa kumi mimi huwa nasali," mzee alisema. Sauti ilitoka kubwa kuliko alivyotaka. "Nyuma ya marobota. Miezi minane. Mengine usiniulize."

"Mimi ndiye nilikaa," Mama Pacha akasema. Alikuwa ameshasimama. "Usimsumbue mzee wa watu. Na Ijumaa yeye hukaa kwangu mimi nikitoka mapema. Sasa umejua yote."

Waliitwa ofisini wote wawili. Jumatano mzee akapewa barua. Hakujua kusoma, karani akamsomea: dakika kumi kila siku saa kumi, kwa ajili ya ibada, kwa kuzingatia utumishi wake wa muda mrefu. Fundi yeyote haruhusiwi kukalia cherehani ya mwenzake.

"Na ya Mama Pacha?"

"Yake imekataliwa, mzee. Dakika kumi si sawa na saa moja na nusu. Akitoka tena kabla ya kengele, asirudi."

Ijumaa ilipofika saa kumi na moja, Mama Pacha alizima cherehani. Akakunja aproni. Bwana Saa alisimama mlangoni na daftari.

"Mama, fikiria watoto."

"Nimewafikiria," alisema. "Nimewafikiria toka Jumatano, sijalala. Nipishe."

Mzee alinyanyuka nusu, akaketi. Mama Pacha alipita karibu yake akamgusa bega. "Endelea kusali, baba. Angalau mmoja wetu kapata." Hakusema kwa uchungu. Hiyo ndiyo ilimuumiza.

Jumatatu cherehani ya kulia ilikuwa imefunikwa kitambaa. Mzee hakwenda kwenye kiti chake. Alipanda ofisini, akaiweka barua mbele ya karani.

"Irudisheni."

"Kwa nini, mzee?"

"Kosa tulifanya wawili. Siwezi kusimama mbele ya Mungu na karatasi yenye jina la mtu mmoja."

"Bila barua ukiondoka kwenye cherehani ni kosa. Unaelewa? Utafukuzwa kama yeye."

"Naelewa. Mwambieni bwana mkubwa amwandikie na yeye. Zikiwa mbili, nitachukua yangu."

Karani hakuigusa barua. Mzee akashuka, akashona mikono asubuhi yote. Hakuna aliyemtania.

Saa kumi ilipofika hakwenda nyuma ya marobota. Alitandaza mswala pale pale, kwenye njia, kati ya cherehani yake na ile iliyofunikwa. Akasimama. Bwana Saa alifungua daftari, akatazama saa ya ukutani, akamtazama mzee. Mpiga pasi aliinua pasi kutoka kwenye nguo akabaki nayo mkononi.

Mzee alianza sura ya kwanza. Safari hii hakupoteza hesabu. Alipotoa salamu upande wa kulia, aliona kalamu ya msimamizi inaandika. Akamaliza upande wa kushoto, akakunja mswala, akarudi kwenye kiti chake kuvuta fungu lililofuata.