Dada Yangu Alifariki, Jina Lake Nikapewa Mimi

Salamu kwenu nyote mnaofuata ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tisa, naishi hapa Lubumbashi, nimeolewa, nina watoto wawili ambao sikuwazaa lakini nawaita wangu, na ole wake atakayenibishia. Naandika nikiwa jikoni, mume anadhani napika. Kweli napika, ila moyo wangu hauko kwenye sufuria.

Dada yangu, nimwite Véronique, alifariki miaka mitatu iliyopita akaacha binti wa miaka minne na mvulana mchanga. Wengine mnaijua desturi yetu ya kupyana: mtu akifariki, ndugu yake anaingizwa mahali pake ili nyumba isivunjike. Baada ya kilio wazee walikaa, wakanifunga ushanga mweupe mkononi, na kuanzia siku hiyo nikawa Véronique. Siyo kuolewa na shemeji tu, hata jina nilirithi. Mume ananiita Vero. Majirani wananiita Vero. Mama yangu mzazi akipiga simu anasema, "Vero, mulilala muzuri?" Nisiseme uongo, hakuna aliyenishikia fimbo. Nilikubali kwa sababu ya watoto. Nilidhani jina ni kama kitenge, unajifunga asubuhi, jioni unafungua.

Mume wangu si mtu mbaya. Hanipigi, halewi, watoto wake anawapenda. Ndiyo maana sina hata wa kumlalamikia. Lakini anaishi na mtu ambaye si mimi. Ananinunulia viatu vya saizi ya dada, navaa huku vidole vinalia. Dada alikuwa hali pilipili, basi ndani ya nyumba yetu pilipili haiingii. Mimi nimelelewa na bibi kule Kasenga, pilipili nimeanza kula kabla meno hayajatimia!

Jumapili iliyopita, baada ya misa, aliazima gari la rafiki yake akatupeleka kupumzika kando ya mto, nje ya mji, kwenye barabara ya Kasenga. Nilifurahi kama mtoto. Nilifunga bukari, ugali wetu, kwenye plastiki ili ibaki na moto, nikabeba sombe ya majani ya muhogo na samaki wa kuchoma. Watoto waliimba njia nzima. Tulikuta familia nyingine zimeshatandika mikeka, moshi wa makaa kila upande, muziki unatoka kwenye gari la mtu. Mume alichoma samaki mwenyewe. Kwa sababu tulikuwa matembezini, wake alimpaka pilipili, wangu akamweka pembeni. Akaniambia kwa upole, "Yako njo hii. Najua haupendake pilipili." Nikala, huku namezea mate samaki wake.

Baada ya kula, mvulana alinivuta tukachezee maji ya pembeni. Yalikuwa maji safi, mchanga unaonekana chini. Tangu nilipoingia ndoa hii sijawahi kukanyaga mto, na mimi mto Luapula wa kule kwa bibi ndio ulionilea. Nikamrudisha mtoto mkekani kwa baba yake, nikajifunga kitenge vizuri, nikapiga mbizi. Nilipoibuka nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sauti. Jamani, nilikuwa nimekisahau kicheko changu.

Nikasikia mume ananiita kutoka ukingoni. "Vero! Toka mu mayi! Weye unaogopaka mayi!"

Watu wakageuka kuangalia. Binti yetu, ambaye sasa ana miaka saba, alikuwa amesimama mdomo wazi. Akasema, "Mama yangu haingiake mu mayi. Weye haiko mama." Kisha akalia, kilio ambacho hakulia hata msibani. Nikatoka nimelowa chapachapa, nikanyoosha mikono nimkumbatie, akakimbilia nyuma ya miguu ya baba yake. Mdogo naye akalia kwa kuwa dada yake analia.

Mume akaninong'oneza, "Unaona? Mutoto alianza kusahau kidogo. Juu ya nini unamufanya hivi?"

Nikajibu, "Mi nimeogelea tu."

"Vero haogeleake."

Alisema hivyo akiniangalia usoni.

Kurudi, hakuna aliyeimba. Mvulana alilala mapajani mwangu juu ya kitenge kibichi. Ghafla binti akauliza, "Jina yako ya kweli njo nani?" Nikafungua mdomo. Kabla sijasema, baba yake akamjibu, "Njo Vero. Njo mama yako." Nikafunga mdomo. Mpaka sasa sijui niliogopa nini. Tangu siku hiyo mtoto haniiti kitu chochote. Akiwa na njaa anaangalia ukuta anasema, "Niko na njala."

Nilimpigia mama nikamweleza. Akasema, "Vumilia, Vero. Ukikatala ile jina, utamuua dada yako mara ya pili."

Dada yangu nilimpenda jamani. Alinisuka nywele, alinilipia shule. Lakini hakuna hata mmoja aliyewahi kunipa pole, kwa sababu pole ya Vero utampa vipi Vero? Nalala na mume, naamka na watoto, nyumba imejaa watu, na mimi niko peke yangu.

Sasa niambieni, ndugu zangu. Nikimpa huyu mtoto ukweli, nitakuwa nimemheshimu au nimemnyang'anya mama tena? Na nikinyamaza, nizeeke hivi? Mlioingizwa mahali pa marehemu, mliishi vipi? Hata kunitukana nitukaneni, ila neno vumilia msiniandikie, hilo nimeshalisikia.

Admin, najua huwa mnaficha majina. La dada nimelibadilisha mwenyewe. La kwangu naomba mliache. Naitwa Solange. Mtakaonijibu, anzeni na hilo.