Soko la Majani la Shosho

Nakumbuka Jumamosi moja kule Brooklyn Park, ughaibuni, mwanangu, majani yakianza kugeuka rangi. Mama yangu, Shosho, yaani bibi wa watoto wangu, alikuwa amekuja kututembelea kutoka Kenya, na angerudi kabla ya theluji. Binti yangu Njeri alielewa Kiswahili chote, lakini akijibu ni Kiingereza tu. Shosho naye Kiingereza hakijui. Basi wanakaa kochi moja kama abiria wasiojuana. Nami nikitoka zamu ya usiku nafoka: "Ongea Kiswahili!" Ndipo mtoto ananyamaza kabisa.

"Kwani wewe nilikufokea ndipo ukajua kuongea?" Shosho akaniuliza. "Wacha kelele. Nipe leso yangu ya kujifunga."

Akaitandika kwenye nyasi nje ya apatimenti, akapanga majani mafungu mafungu kama nyanya. Mekundu ya mti wa meipo, yenye ncha kama vidole vilivyotanuliwa. Ya manjano, ya ule mti wa gome jeupe. Ya mwaloni, yenye kingo za mviringo. Nikayahesabu mafungu mara mbili, maana sokoni simwamini hata aliyenizaa.

Njeri akaomba jekundu kwa Kiingereza. Shosho, muuzaji wetu, akatazama mawingu. Mtoto akanyoosha kidole. Muuzaji akapiga miayo.

"Nataka... jekundu," mtoto akanong'ona.

"La meipo? Hilo ni ghali. Lete manjano kumi."

Akakimbia mitini, akarudi amekumbatia majani. Shosho akayapokea, uso mkavu, akampa jani la mwaloni lililoiva wekundu. Njeri akaligeuza, akaligeuza tena.

"Shosho, unanidanganya! Hili ni la mwaloni, halina vidole! Rudisha manjano yangu!"

Mama alicheka hadi akashika mbavu. "Huyu sasa ni mjukuu wangu. Huyu haibiwi sokoni."

Wakapatana bei kila jioni mpaka miti ikabaki mitupu. Siku ya safari, kwenye uwanja wa ndege, Njeri akamtolea Shosho jani jekundu la meipo.

"Bei gani?" Shosho akauliza, akijiandaa kubishana.

"Hili ni la bure, Shosho."

Hapo mama yangu, mwanamke asiyewahi kukosa neno sokoni, akalifunga lile jani kwenye pindo la leso yake.

Kwa hiyo, mwanangu, ukiniambia watoto wako hawaongei na wazee wao, sikuuzii maneno mengi. Zima simu, toka nao nje majani yakiwa bado yapo, mcheze mpaka wakukatalie bei. Mungu akujalie nyumba yenye kelele za Kiswahili, na wajukuu wa kukubishia mpaka uishiwe na hoja.