Aibu ya Kutembea Bure

Mume wangu haoni aibu kukoroma mbele ya wageni, wala kugombana na mchuuzi sokoni kwa ajili ya kichwa cha samaki changu. Anachoona aibu ni kuonekana akitembea na mkewe bila shughuli.

Nilimwomba miaka. Watoto wamekua, duka la Kismayo linaweza kufungwa kwa muda, nikamwambia twende visiwani, tutembee: Koyama yote, kisha tuvuke Chovai, kisha Chula, tukilala kwa watu. Nimezaliwa katika visiwa hivi na nimeviona zaidi nikiwa nimejikunja chomboni, kichwa chini, natapika. Nilitaka nivione nikiwa nimesimama kwa miguu yangu. Alikubali, lakini shingo upande.

Asubuhi ya Koyama ilianza vizuri. Maji yalikuwa yametoka na mchanga ulikuwa mgumu. Tulitembea bega kwa bega, akanionyesha kaa, akacheka. Nikafurahi, mjinga mimi. Mara wakatokea wavuvi wawili wamebeba nyavu, na bwana akatangulia kama hanijui. Wakamuuliza tunaenda wapi kwa miguu. Akajibu kwa sauti ya huzuni kabisa, "Chula. Tuna msiba."

Wavuvi wakashusha nyavu, wakainua mikono, wakatuombea dua. Walipotupita kuelekea kijijini nikamuuliza ana wazimu gani.

"Ulitaka niseme nini?" akasema. "Mtu mzima mwenye wajukuu, natembea tu? Watasema nimefilisika, au nimerogwa."

"Sema unatembea na mkeo kwa sababu unapenda."

Akaniangalia kana kwamba nimemwambia avue nguo. Nilikasirika hadi masikio yakapata moto. Sikutaka zawadi wala dhahabu, nilitaka aseme neno hilo mara moja mbele ya watu, basi.

Habari ilitutangulia. Tulipofika kijijini mkeka ulikuwa umeshatandikwa. Mama mwenye nyumba alinikumbatia akalia, machozi ya kweli, na hilo ndilo lililonichoma zaidi: mama wa watu analia bure. Kwa heshima ya msiba wetu walipika mkate wa muufo na mchuzi wa papa. Mume wangu alikaa barazani na wanaume, anapokea kahawa na pole, anatikisa kichwa. Alikula vizuri sana.

Kisha yule mama akauliza kutoka mlangoni, wote wakisikia, "Lakini huko Chula ni mchu gani ufiye? Mbona hachujasikia?"

Visiwani kifo hakifichiki; mtu akifa Chula, Koyama wanasikia. Mume wangu akasema kifo kimetokea Kismayo, sisi tunapeleka habari tu. Ni nani basi, wakauliza. Hapo akakwama. Akanitazama nimwokoe, kama ninavyomwokoa kila anapojikwaa.

"Mume wangu," nikasema.

"Na huyu?" yule mama akamwonyesha mume wangu.

"Nduye marehemu."

Nilitaka aruke, aseme la, mimi ndiye mume, mzima, na huyu mke wangu ana hasira zake. Wangetucheka, nami ningecheka nao. Akainamia kahawa yake. Wanawake ndio walioshtuka. Vipi mjane aliye edani yuko njiani, tena na shemeji asiye maharimu wake? Hawakunigombeza. Walinishika mikono kwa upole, wakanifunga kitambaa cheupe kichwani, wakanitandikia chumba cha ndani. Nitakaa hapo, walisema, mpaka ipatikane mashua ya kunirudisha nyumbani. Shemeji ataendelea peke yake. Yaani safari yangu ndiyo imekwisha.

Nilimwona kupitia dirisha. Alikuwa amesikia kila kitu. Wazee wawili walikuwa wakimwombea subira kwa kufiwa na nduye, naye akaitikia, "Amin." Neno hilo linanikera mpaka leo. Alikuwa radhi afe, azikwe, nami nifungiwe ndani, kuliko kusema anatembea na mkewe.

Nikavua kitambaa, nikakikunja, nikamwambia yule mama ukweli wote. Akachungulia barazani, akamtazama kwa kitambo kirefu.

"Ni huyo?"

"Ndiye huyo."

Nikamwomba radhi kwa machozi yake. Alinifungia muufo uliobaki na kunionyesha njia ya kurudi ufukoni.

Nikapita mbele ya baraza bila kumsemesha. Nilikuwa nimeshafika mchangani aliposimama na kuanza kuniita. Nikawasikia wazee wakimuuliza kwa ukali mjane wa nduye anamwitia nini namna ile.

"Ni mke wangu!" akapiga kelele. "Mke wangu, ningoje!"

Kijiji kizima kilimsikia. Sikugeuka. Maiti haitikiwi.